Mzigo wa Mwenzetu



Wivu wa sokoni twaujua. Wa kanisani twauficha. Mwenzetu akichaguliwa mzee wa kanisa, au sala yake ikiwagusa watu, twasema "Bwana asifiwe", na moyoni twauliza: Kwa nini yeye, si sisi?

Jirani zetu wa Kariakoo wanakaa palipokuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ya 1914–1918. Jina latokana na hao. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi. Mpagazi hamwonei mwenzake wivu kwa mzigo wake. Sisi twaona wivu kwa kuwa twaiona karama, mzigo hatuuoni. Aombaye vizuri huenda alijifunza kuomba usiku, kando ya kitanda cha mgonjwa.

Hata Petro aligeuka akauliza habari za mwenzake, Bwana akamrudisha kwenye wito wake mwenyewe (Yohana 21).

Basi, kabla ya kukaribia Meza ya Bwana, tumtaje kwa jina yule tunayemwonea wivu, tumwombee azidi. Sala hiyo itakuwa nzito kinywani. Tuiombe hivyo hivyo. Tukitoka, tumsalimu na kumwuliza: "Ndugu, tukusaidie kubeba nini?"