Ushahidi wa Vitabu vya Bei

Wanazuoni wa sheria na wanafalsafa wamebishana tangu dahari juu ya mahali inapokaa bei ya kitu: ama imo ndani ya kitu chenyewe, kama uzito ulivyomo ndani ya jiwe, ama imo ndani ya moyo wa mwenye kukitaka, ama haipo popote mpaka watu wawili wakutane, mmoja akitoa na mwingine akipokea, na ikisha kupita haiachi nyuma yake illa kumbukumbu. Suala hili huonekana kuwa la darasani, walakini wako watu ambao limewagusa mifukoni na nyoyoni, nao ni wale wa Marekani wanaokusanya kadi za zamani za mchezo wa besiboli, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakivilalamikia vitabu vya bei wanavyovitegemea, wakisema kwamba havisemi kweli. Wako wanaoyaona malalamiko hayo kuwa ni ya kitoto. Mimi sioni hivyo, kwani mwenye kusema kwamba kitabu kimempotosha halalamikii hasara peke yake. Anamlalamikia shahidi aliyesema asiloliona, na jambo la ushahidi ni jambo la dini na la akili pamoja, hata kama linalogombewa ni kipande cha karatasi nene kisichozidi kiganja cha mtoto.

Asili ya kadi hizi ni duni kabisa. Makampuni ya tumbaku yalizitia ndani ya pakiti za sigara ili pakiti isipondeke, na ili mnunuzi arudi tena kuitafuta picha ya mchezaji asiyekuwa naye. Baadaye wakaja wauza chingamu wakaifuata njia hiyo hiyo kwa watoto. Mtu aliyezipanga kwa elimu alikuwa Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kiwandani wa Syracuse, katika jimbo la New York, ambaye ugonjwa wa viungo ulikuwa ukimtesa mikono huku akibandika kadi moja baada ya moja katika majalada ya Metropolitan Museum of Art, jumba alilolipa hiba ya mkusanyo wake wote wa kadi na picha zaidi ya 300,000, akaimaliza kazi hiyo Januari 1963 na kufariki dunia miezi miwili baadaye. Kila seti aliipa herufi na nambari, na alama zake zinatumika hata leo. Katalogi yake ilitaja bei pia, nyingi zikiwa za senti tu, lakini Burdick hakuwa mtu wa kutajirika, na bei kwake ilikuwa ni njia ya kumwambia msomaji ipi ni adimu na ipi si adimu.

Mambo yalibadilika alipokuja Dk. James Beckett, mwalimu wa takwimu, ambaye katika miaka ya 1970 aliwapelekea wakusanyaji na wafanyabiashara karatasi za maswali akiwauliza kadi zinauzwaje kwao, na kutokana na majibu yao kikatoka kitabu mwaka 1979, halafu jarida la kila mwezi kuanzia 1984. Insafu inataka tukiri kwamba alifanya kheri kubwa. Kabla yake mtu wa Ohio hakuwa na njia ya kujua mtu wa California analipa nini, na kila muuzaji alikuwa sultani wa dukani mwake. Jarida lile liliweka safu mbili, bei ya juu na bei ya chini, na wasomaji walizisoma kwa shauku ile ile ambayo baba zao walizisomea bei za hisa.

Sasa tazama ukurasa mmoja wa kitabu cha namna hii, na tuchukue ile seti aliyoiita Burdick T206, iliyotolewa na American Tobacco Company baina ya 1909 na 1911, yenye kadi 524. Mbele ya kila kadi iko picha ya mchezaji. Nyuma yake liko tangazo la sigara. Matangazo ya Piedmont na Sweet Caporal ni mengi mno, lakini yapo mengine, kama Drum na Uzit, yanayopatikana kwa nadra, hata mchezaji asiyejulikana na mtu, ambaye kadi yake yenye Piedmont haina ajabu, huwa akibeba tangazo la Drum anagombewa na wanaojua kwa bei ya mbali kabisa na ile. Ongeza juu ya hayo hali ya kadi: pembe zilizo kali au zilizolegea, mkunjo mwembamba usioonekana mpaka kadi iinamishwe kwenye mwanga, picha iliyokaa kati au iliyoegemea upande, madoa ya gundi iliyobandikia jaladani. Juu ya bahari hii ya tofauti kitabu kiliweka mstari mmoja wenye tarakimu chache, tarakimu zinazoishia kwa sifuri, zinazofanana kwa wachezaji mia kadhaa, kana kwamba mtu amezipima zote. Na katika wale mia kadhaa walikuwamo wengi ambao kadi zao, katika hali iliyotajwa, hazikuwa zimeuzwa mbele ya macho ya yeyote kwa mwaka mzima au zaidi.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Bei si sifa ya kadi, kama urefu wake au rangi yake. Bei ni tukio, lina siku yake, mahali pake, na watu wake wawili. Mwenye kuandika bei anatoa habari ya tukio. Ikiwa tukio lilikuwapo, naye amelikosea kwa kusahau au kwa kuchelewa, hiyo ni taksiri inayosameheka, maana kitabu huchukua muda kuchapwa na soko halimngoji mpiga chapa. Ikiwa tukio halikuwapo kabisa, naye ameandika tarakimu kwa kuwa mstari usingependeza ukibaki mtupu, basi huyo ametoa ushahidi wa jambo lisilotokea, na hata ikisadifu kwamba tarakimu yake iko karibu na kweli, ushahidi wake haukuwa kweli.

Mafakihi wa Kiislamu walilijua hili zamani. Imepokewa kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwendea Mtume wakimtaka awapangie, akakataa, akarudisha jambo la kupanda na kushuka kwa bei kwa Mwenyezi Mungu, akiogopa kukutana na Mola wake hali ya kuwa yuko anayemdai dhuluma ya damu au ya mali. Ibn Taymiyya alipolieleza suala hilo alipambanua baina ya bei inayopanda kwa uchache wa bidhaa na wingi wa wanunuzi, ambayo hana mtu haki ya kuizuia, na bei inayopandishwa kwa hila za wauzaji, ambayo mtawala anayo haki ya kuirudisha kwenye thamani ya mfano, yaani ile ambayo kitu kama hicho huuzwa kwayo mahali hapo na wakati huo. Thomas Aquinas, kwa upande wa Wakristo, alisema kwamba bei ya haki haikupimwa kwa ncha ya sindano bali hukaa katika makadirio. Wote wawili wameifunga bei na mahali na wakati na makadirio ya watu, na hakuna aliyesema kwamba inaweza kuandikwa mara moja ikatumika kila mahali.

Atasema mtu kwamba mwandishi wa kitabu si mtawala, hana askari wala jela, na kitabu chake ni mwongozo tu. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu lau kama watu wangekitumia hivyo. Lakini katika miaka ya 1980, wakati ambapo karibu kila mji wa Marekani ulikuwa na duka la kadi, jarida lilifunguliwa juu ya meza ya kioo, kidole kikawekwa penye mstari, na mazungumzo yakakoma. Muuzaji aliuza kwa bei ya kitabu na akanunua kwa nusu yake au chini ya hapo, kisha akiulizwa na wenye kitabu kadi zinauzwaje kwake, alijibu kwa bei ile ile aliyoisoma kwao. Hivyo kitabu kilijishuhudia chenyewe, na duru hiyo ikishakamilika hapana tena njia ya kulitambua kosa, kwa sababu kila anayeulizwa anajibu kwa alichokisoma.

Na je, madhara ya kosa humfika nani? Hayamfiki mjuzi, kwani mjuzi hukicheka kitabu na kwenda zake. Humfika yule ambaye mafakihi wa madhehebu ya Hanbali wamempa jina la mustarsil, mtu asiyejua bei za soko wala hawezi kubishana, anayemwamini aliye mbele yake. Nao wamempa hiari ya kuvunja mauzo akigundua kwamba amepunjwa kupita kiasi. Madhehebu ya Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, hayavunji mauzo kwa kupunjwa peke yake pasipo hadaa, na kwa muda mrefu nimeiona hukumu hiyo kuwa na busara, kwa kuwa soko halitatulia ikiwa kila mwenye kujuta atarudi. Walakini katika jambo la vitabu vya bei moyo wangu unaelekea kwa Hanbali. Mjane anayeuza kadi za marehemu mumewe, naye ameshika kitabu cha miaka mitano nyuma, hakuwa mzembe. Alifanya alilofundishwa kwamba ndilo la busara, akamwuliza shahidi.

Kiko kisa kilichofika mahakamani Illinois. Mwaka 1990, katika mji wa Itasca, mtoto aliyekuwa mkusanyaji aliingia katika duka akaiona kadi ya mwaka 1968 ya Nolan Ryan, iliyoandikwa 1200 pasipo alama ya dola, na mwanamke aliyekuwa akimsaidia mwenye duka siku hiyo, asiyezijua kadi, akadhani ni dola 12, akapokea 12. Mwenye duka alishitaki. Kabla ya hakimu kutoa hukumu pande mbili zikapatana kwamba kadi inadiwe na fedha zipewe mashirika ya hisani, na wengi wakaona kwamba mambo yameisha vizuri. Mimi ningalipenda hukumu itolewe, maana hapa mustarsil alikuwa muuzaji, na mwenye elimu alikuwa mtoto, na kila mmoja wa wale waliolizungumza jambo hilo alisema kwa yakini kwamba kadi ile thamani yake ni dola 1200, ilhali tarakimu hiyo yenyewe ilikuwa ni dai la muuzaji juu ya kadi ambayo bado hajaiuza.

Baadaye zikaja kampuni za kuthibitisha kadi, zikiipa kila moja daraja kutoka 1 hadi 10 na kuifunga ndani ya plastiki, na watu wakatumaini kwamba angalau ugomvi wa hali ya kadi umekwisha. Kadi ya kwanza kupewa daraja na kampuni mojawapo, PSA, mwaka 1991, ilikuwa T206 ya Honus Wagner, iliyo mashuhuri kuliko zote, nayo ikapewa 8. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 dalali Bill Mastro, ambaye kadi hiyo ilipitia mikononi mwake katika miaka ya 1980, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo zake ili zionekane kali. Katika kesi hiyo hiyo alikiri hatia ya udanganyifu, na miongoni mwa yaliyothibitika ni kwamba katika minada yake walizabuni watu wa uongo ili kupandisha bei, jambo ambalo Mtume alilikataza kwa jina lake, najash. Tafakari basi: bei iliyopandishwa na mzabuni asiyenuia kununua huandikwa katika kumbukumbu za minada, na kumbukumbu za minada ndizo zinazonakiliwa na watungaji wa vitabu. Mnada huisha usiku mmoja; uongo wake huendelea kununua na kuuza miaka mingi.

Leo mauzo huonekana katika intaneti saa ile ile yanapofanyika, na wengi wameviacha vitabu. Ni maendeleo, sikatai. Ila hapa pia iko hatari ya kuligeuza tukio moja kuwa sifa ya kudumu. Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6, na papo hapo watu waliokuwa na kadi hiyo hiyo katika hali hafifu wakaanza kupiga hesabu, ingawa mauzo yale yalikuwa ya kadi moja safi isiyo na mfano, na ya mtu mmoja aliyeitaka usiku ule.

Ninachowataka watungaji wa vitabu si kwamba wasikosee. Nawataka waandike pembeni ya kila bei tarehe ya mauzo waliyoyaona na idadi yake, na pale ambapo hawakuona mauzo waache mstari mtupu, kwa ujasiri ule ule ambao alimu huwa nao anaposema mbele ya watu kwamba hajui. Najua kitabu chenye mistari mitupu hakiuziki vizuri.

Ama muuzaji, jambo lake ni zito zaidi. Cicero alitoa mfano wa mfanyabiashara anayefikisha nafaka Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kuwa majahazi mengine yako njiani, akauliza kama ni wajibu wake kuwaambia watu. Yeye aliona ni wajibu, na Aquinas, alipolijia jambo hilo, aliona kwamba haki haimlazimishi, ingawa akisema itakuwa ni fadhila zaidi. Nakubaliana na Aquinas katika nafaka, kwa sababu mwenye kunyamaza hakumleta shahidi. Muuzaji wa kadi anayejua kwamba kitabu kimepitwa na wakati, kisha akakifungua mbele ya mjane na kuweka kidole chake penye mstari, hakunyamaza. Amesema, tena kwa ulimi wa mwingine, na bei iliyopatikana kwa njia hiyo inastahili kurudishwa, hata kama mjane aliondoka dukani akiwa ameridhika.