Damu, figo na maikrofoni

Tulikuwa tumekaa kwenye barza ya jirani yetu huku Mulongwe, redio iko wazi, mwandishi wa habari alipomwuliza kijana mmoja alimpa nani damu yake hospitalini. Kijana akataja mtoto, akataja na baba ya mtoto, tena akaongeza kwamba baba huyo hakuwa na hata franga moja. Mzee mmoja akatikisa kichwa: «Huyu baba atapitia wapi sasa?»

Wengine pale walimshangaa mzee. Wakubwa wetu si walitoa damu mbele ya watu? Kweli. Undugu wa kuchanjana ulijulikana pande hizi zote. Warundi, ng'ambo ya Ruzizi, wanauita kunywana, na mwaka 1876 hata Stanley na Mirambo wa Unyamwezi walifungiwa undugu huo. Mashahidi walikuwepo, viapo vilisemwa kwa sauti. Basi maikrofoni ina kosa gani?

Sisi tunaona kosa liko hapa: katika kuchanjana kila mmoja alitoa na kila mmoja alipokea. Hakuna aliyebaki na deni. Damu ya hospitali, na figo zaidi, inatoka upande mmoja tu. Anayetajwa redioni kwamba alipokea anageuka mdaiwa wa mtaa mzima, na hana cha kurudisha.

Lakini tusikimbilie kusema watu wanyamaze. Mwezi wa 4 mwaka 2025 waandishi wa DW, Der Spiegel na ZDF walifunua biashara ya figo kule Kenya, pamoja na hospitali moja ya Eldoret. Kijana wa miaka 22 alieleza kwamba aliahidiwa dola 6,000, akapewa 4,000. Kama naye angefunga mdomo kwa haya, wale madalali wangeendelea kula. Baada ya habari hiyo serikali ilisimamisha upandikizaji pale. Yeye alisema jeraha lake mwenyewe. Hakumvua nguo mtu mwingine. (Na wanunuzi, wengi wao watu wenye pesa toka mbali, wao walijua kujificha vizuri!)

Shirika la Afya Duniani, katika kanuni za mwaka 2010, linataka kazi ya upandikizaji iwe wazi kwa kuchunguzwa, na papo hapo siri ya mtoaji na ya mpokeaji ilindwe. Mzee wetu hakuzisoma. Mwandishi aulize bei, aulize nani alilipwa, amwulize mtoaji kama aliumia. Jina la aliyepokea litoke kinywani mwake mwenyewe, na la mtoto lisitoke kabisa.

Kijana yule tulimkuta baadaye, tukamwambia. Akainama. «Mwalimu, mimi nilifikiri ninamusifu yule baba, juu alikesha na mtoto siku tatu.»

Hilo la kukesha halikusikika redioni.