Unauza nyumba? Usiizike aibu yake kwa rangi



Wiki hii naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hapa mjini tumelipitia au tutalipitia, nalo ni kuuza nyumba. Sikusudii kuzungumzia bei za viwanja wala usumbufu wa madalali. Nakusudia swali moja lililonikosesha usingizi mimi mwenyewe, mwalimu wa dini ambaye kila mwaka nawasomesha watoto wa watu mlango wa biashara: Je, muuzaji anawajibika kuisema aibu ya nyumba hata kama kusema huko kutawapunguzia fungu watu wengine ambao yeye ndiye msimamizi wao?

Kisa chenyewe ni hiki. Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alituachia nyumba moja ya vyumba vinne pale Kigogo, upande unaoteremkia bonde la Msimbazi. Warithi ni mama yetu, kaka yangu mkubwa, mimi na dada yetu mmoja. Mahakama ya Mwanzo iliniteua mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Kwa kuwa nyumba ile isingegawanyika vizuri kwa watu wanne, tulikubaliana iuzwe, kila mmoja apate chake.

Anayelijua bonde lile hahitaji maelezo marefu. Katika mafuriko ya Desemba 2011 maji yaliingia ndani mwetu mpaka usawa wa madirisha. Baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande, sisi tukabaki. Tangu hapo, masika yakiwa makubwa, tunapandisha magodoro juu ya makabati. Ukutani lilibaki doa, mstari mrefu unaozunguka sebule nzima, na chini yake lipu imeliwa na chumvi, ukiigusa inamomonyoka.

Kabla ya kuiuza, kaka alimleta fundi. Ukuta ukakwanguliwa, ukapigwa lipu mpya na rangi nzuri. Dalali naye akasisitiza kuwa wateja waletwe upesi, kabla mvua hazijaanza. Akaja kijana mmoja fundi magari pamoja na mkewe mjamzito. Wakaipenda. Yule mama akauliza, "Huku maji hayafiki?" Dalali akajibu haraka, "Maji yanapita kule chini kabisa, shemeji." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza, nikawa natazama sakafu. Bei ikakubaliwa. Tukitoa cha dalali, zingebaki shilingi milioni 48 za kugawana. Ikabaki kwenda kuandikishana Serikali ya Mtaa siku ya Jumatatu.

Usiku ule nilikumbuka hadithi ambayo nimeisomesha mara nyingi. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenyewe, akaambiwa kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamhoji kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Imepokewa na Imam Muslim. Ndugu msomaji, tofauti ya lundo lile na sebule yetu ni nini? Yule alifunika maji kwa nafaka kavu. Sisi tuliyafunika kwa lipu na rangi.

Asubuhi nilimwambia kaka kuwa lazima tuwaeleze. Kaka alikasirika sana, na hoja zake si za kupuuzwa, kwani ndizo zinazosemwa na wengi wetu.

Kwanza alisema kwamba kupaka rangi nyumba inayouzwa si haramu. Ni kweli. Kufagia uwanja, kubadilisha kitasa kibovu na kupaka rangi ni kuiandaa nyumba, na hakuna ubaya. Lakini tujiulize: rangi hii inaipendezesha nyumba, au inamnyima mnunuzi habari ambayo angeipata kwa macho yake? Ya kwanza ni pambo, ya pili ni ghushi, hata kama kopo la rangi ni lile lile.

Pili alisema, tutaandika kwamba nyumba imeuzwa kama ilivyo. Maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani hii tunayafuata, hawakubali kwamba sharti kama hilo linamsafisha muuzaji anayeijua aibu ya nyumba na akaificha. Mnunuzi akiigundua baadaye, ana haki ya kuirudisha. Karatasi ya Serikali ya Mtaa haifuti haki hiyo mbele ya Allah (s.w.).

Tatu alisema, "Isitoshe, wale si Waislamu." Hili liliniuma zaidi. Katika Surat Aal Imran, aya ya 75, Allah (s.w.) anawakemea watu waliohalalisha mali za wasiokuwa wenzao kwa kudai hawana lawama juu yao, na akayaita madai hayo ni kumzulia Yeye uongo. Na mwanzoni mwa Surat al-Mutaffifin, adhabu imetajwa kwa wanaowapunja watu. Limetumika neno watu, bila kubagua dini.

Hoja ya nne ndiyo iliyokuwa nzito. "Mwalimu," aliniambia, "toa sadaka kwa fungu lako. Kwa nini utoe kwa fungu la mama na dada?" Dada yetu ameachika, ana watoto watatu, amepanga chumba kimoja. Msimamizi ni mtu wa amana, na kuwapunguzia warithi haki yao ni dhulma. Je, nina haki ya kuwa mkweli kwa mali ya wengine?

Nililifikiri hilo siku nzima. Jibu nililolipata ni hili: tulichorithi ni nyumba inayoingia maji, na thamani yake ni thamani ya nyumba inayoingia maji. Nyongeza inayoletwa na rangi haikuwa mali ya baba, basi haiwezi kuwa mirathi yake. Ni mali ya yule kijana, bado iko mfukoni mwake. Kwa hiyo kusema kweli si kutoa sadaka ya fungu la dada. Ni kukataa kumgawia dada kitu cha mtu mwingine.

Nilikwenda kwa mama. Akasikiliza, kisha akasema, "Baba yenu alikuwa halali kila masika. Sitaki mwanamke mwenzangu akae macho na kichanga kwa ajili ya pesa yangu."

Nikampigia yule kijana, nikamweleza yote, na nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Akashukuru, na hakurudi tena. Nyumba ilikaa miezi mitano. Mwisho akaja mfanyabiashara aliyetaka kuibomoa na kuinua msingi. Naye tulimweleza. Zikabaki milioni 40. Mama akapata thumni yake, milioni 5 badala ya 6. Dada akapata milioni 7 badala ya 8 na laki nne. Mimi na kaka milioni 14 kila mmoja, badala ya 16 na laki nane. Dada bado anaishi katika chumba kile kile. Kaka mpaka leo akinisalimia hunisalimia kwa mkato. Siwezi kuwaambia kuwa ukweli hauna gharama.

Lakini Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Hakim bin Hizam iliyomo katika Bukhari na Muslim, ametufundisha kuwa wenye kuuziana wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya, baraka hufutwa. Hakuahidi bei kubwa. Aliahidi baraka.

Basi ndugu yangu unayejiandaa kuuza, kabla ya kumwita fundi rangi, yaandike yale unayoyajua wewe peke yako: maji, mipaka yenye ugomvi, deni, mrithi ambaye hajaridhia. Yaseme kabla ya kupokea hata senti. Na wewe unayenunua, rudi siku ya mvua, uwaulize majirani. Nawe jirani ukiulizwa, usiseme hayakuhusu. Imam Ghazali katika Ihya anamtaja Sahaba Wathila (r.a.) aliyemkimbilia mnunuzi wa ngamia ili amjulishe kasoro ya ukwato wake, ilhali ngamia hakuwa wake.

Allah (s.w.) atujaalie tuuze kwa kubainisha, na atusamehe pale tulipotazama sakafu.

Wabillahi tawfiq.