Bolingo, Mibeko, Misala mbele ya Mutihani wa Serikali

Somo: Danieli 1:3-20



Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana waliohamishwa na vita. Sisi wa Munigi tunajua jambo hilo. Huko Babeli walifundishwa luga na maandiko ya Wakaldayo, na baada ya miaka mitatu mufalme mwenyewe akawapima. Maandiko yanatuambia kwamba Mungu aliwapa akili. Lakini hayasemi kwamba hawakujifunza. Miaka ile mitatu waliimaliza yote.

Watoto wetu nao wanapimwa. Tangu 1967 Mutihani wa Serikali unamungoja kila mwanafunzi anayemaliza sekondari, kutoka Kinshasa mpaka Goma, na asiyefikisha 50 kwa mia hapati diploma. Siku ya matokeo, wengine wanamwagiwa poda kichwani na kuimba barabarani. Mwingine anajifungia ndani ya nyumba akilia. Juu ya huyo anayelia ndiyo tunasema leo.

Kanisa letu lina maneno matatu ambayo hata mutoto mudogo anayajua: Bolingo, Mibeko, Misala. Ni kusema Upendo, Amri, Kazi.

Upendo. Tunamulazimisha mutoto achukue opsio ya Sayansi kwa sababu mutoto wa jirani iko huko, hata kama yeye roho yake ni ya ualimu ao ya ufundi. Akishindwa, tunaanza kutafuta ni nani aliyemuroga: bibi yake, ao mama wa kambo. Hapana, wapendwa! Kushindwa mutihani si uchawi wala laana. Mutihani unafanywa tena mwaka unaofuata. Lakini bibi akifukuzwa nyumbani juu ya pointi za mujukuu, hapo sisi wazazi ndio tumeshindwa mbele ya Mungu.

Amri. Kuna wazazi wanaochanga franga kusudi majibu yaingie ndani ya chumba cha mutihani, na wanasema ni kusaidia watoto. Danieli alikataa chakula cha mufalme kusudi asijichafue. Sisi tunawalisha watoto wetu nini? Diploma ya kununua itatuletea muuguzi asiyejua kupima dawa, na mwalimu asiyejua kuandika. Na mutoto mwenyewe atajua siku zote kwamba baba yake hakumwamini.

Kazi. Wengine wanaleta kalamu ziombewe, wengine wanaomba maji ya Nkamba. Tutawaombea kwa furaha. Lakini kalamu iliyoombewa haitaandika jambo ambalo mwenye kuishika hakujifunza.

Na kazi hii si ya mutoto peke yake. Tunaishi juu ya mawe ya volkano, maji ni ya kutafuta mbali. Binti anaamka saa kumi za usiku na bidoni mugongoni, kisha masomo, jioni anapika, anaosha vyombo, na usiku taa imekwisha. Halafu tunamugombeza: kwa nini umelala juu ya daftari? Muzazi abebe bidoni ile, ama aigawanye kwa wote, wavulana na wasichana.

Watoto hawa waliona Nyiragongo ikitapika moto usiku wa 22 Mei 2021, na Januari 2025 vita vikaingia Goma. Wamebeba ya kutosha. Tusiwaongezee muzigo wa hofu yetu.

Tukumbuke tulikotoka. Papa Simon Kimbangu alikaa miaka 30 katika gereza la Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mbele ya Serikali kutambua Kanisa letu tarehe 24 Desemba 1959, watoto wa waamini walifukuzwa katika shule za misioni, na wazee wetu wakafungua shule zao wenyewe. Kiti anachokalia mutoto wako darasani kililipwa kwa machozi.

Basi tunaomba mambo mawili. Kila nyumba yenye mwanafunzi wa mwaka wa mwisho imupe saa mbili za kimya kila jioni, na mwenye taa ya jua amukaribishe mutoto wa jirani. Tena, siku ya matokeo, mbele ya kwenda kuimba kwa waliopata, twende kwanza kubisha hodi kwa yule aliyekosa.

Mungu awape watoto wetu akili, na sisi atupe upendo. Amina.