Elimu: Sadaka au Haki?
Swali la kama elimu ya maskini ni sadaka au haki lilijibiwa kwa vitendo huko Antigonish, mashariki mwa Kanada. Mwaka 1928 Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier kilianzisha idara ya elimu kwa umma chini ya padri Moses Coady. Kupitia idara hiyo, wavuvi wa huko walikutana majumbani, wakasoma vijitabu na kubishana kwa nini kambakoche wao wananunuliwa kwa bei ya kutupa. Kisha wakajenga viwanda vyao na vyama vya akiba na mikopo. Chuo kilileta maarifa, maswali yalikuwa ya wavuvi. Heshima ya mtu haitolewi na mwalimu. Mwanafunzi huja nayo. Baadaye Taasisi ya Coady, yenye jina la padri huyo, ilianzishwa chuoni hapo mwaka 1959.