Nyumba Iliyo Ndani ya Jina

Je, yafaa kumpa mtoto jina la ukoo usio wake?

Huku kwetu Mbulu na Hanang wako watoto waitwao Xavier, Bosco na Gonzaga. Wengi hudhani hayo ni majina ya ubatizo tangu mwanzo, kama Petro na Paulo. Sivyo. Bosco ni jina ambalo Padre Yohane alilirithi kwa baba yake. Gonzaga ni ukoo uliotawala Mantua katika Italia. Xavier ni ngome ya Hispania, urithi wa mama yake Fransisko, naye alizaliwa humo mwaka 1506. Asili ya neno hilo ni Kibaski, maana yake "nyumba mpya". Kwa kuwa akina Fransisko na akina Yohane ni wengi, watu waliowapenda watakatifu hao walishika jina la ukoo, wakawapa watoto wao. Huko Uganda, Gonzaga Gonza, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 1886, alichukua jina la Mwitalia pamoja na lake la kwao.

Lakini wazee hunung'unika. Wairaqw humwita mtoto Tluway, yaani mvua. Wadatoga huanza majina ya wanaume kwa Gida. Wazee husema, "Mjukuu amepewa nyumba ya wageni, yetu i wapi?"

Tulidhani manung'uniko hayo ni ya bure, hata siku moja tulipomwuliza mtoto darasani jina la babu yake. Akajibu, "Silijui, Mwalimu." Kumbe babu huyo hukaa ng'ambo ya kijito, tena ndiye aliyeuza ng'ombe ili mtoto asome! Tuliona haya, maana katika daftari letu sisi wenyewe tulikuwa tumeandika majina mawili ya ubatizo tu, la mtoto na la baba.

Basi twaonaje? Kumpenda mtu mwema hata kutamani jina lake si kosa. Lakini tukumbuke kwamba jina la Xavier ni la nyumba aliyozaliwa Fransisko. Alifika Malindi mwaka 1542, akaenda India, na Japani mwaka 1549, na hata leo hutajwa kwa jina la kwao. Anayelitwaa jina la Xavier na kulitupa la babu yake amechukua neno tu, mfano ameuacha.

Ndugu mzazi, mpe mtoto jina ulipendalo. Kisha liandike na la babu, ukamfundishe maana ya yote mawili.