Laana Inayomrudia Mwenyewe

Mzee wa Kipsigis, nchini Kenya, aliyeibiwa ng'ombe hakukurupuka kulaani. Kwanza habari ilitangazwa hadharani, mwizi apate nafasi ya kukiri na kulipa. Kimya kilipozidi ndipo wazee walipoketi, na hapo kila mmoja alijua kuwa hatari iko pande mbili: laana ikimwangukia asiye na hatia, humrudia aliyeitamka. Kiapo nacho kilikuwa kizito hivyo hivyo, maana aliyeapa uongo aliweza kuwaponza jamaa zake, na ndiyo sababu ukoo ulikuwa na neno kabla hakijaliwa. Aliyekiri hakuachwa aangamie. Alilipa, na wazee wakaiondoa laana.

Wabunifu wa michezo ya mezani, ile ambayo kila mchezaji huvaa uhusika wake, nao huumiza vichwa juu ya bei ya uganga. Katika Call of Cthulhu, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1981, anayetumia uganga hupungukiwa na akili timamu, awe na haki au asiwe nayo. Bei hiyo hutozwa nguvu. Wakipsigis waliitoza dhuluma, na hapo ndipo walipowazidi wabunifu hao: bei ya nguvu, mwenye nacho huilipa akaendelea, lakini hatari ikifungwa kwenye ukweli wa madai, tajiri na fukara huogopa kitu kimoja.

Nani basi anayejua ukweli huo? Zamani jibu lilikuwa Asis, Mungu ambaye jua ni ishara yake, asiyefichwa jambo. Wakristo wengi wa Kericho na Bomet, kwao Wakipsigis, leo wangejibu kwa lugha nyingine. Hata asiyeamini lolote hawezi kukana kazi iliyofanywa na hofu ile: ilimlazimu mshtaki ajihoji mwenyewe kabla ya kufungua kinywa.

Serikali ya kikoloni ya Uingereza haikujihoji. Iliwaogopa Watalai, ukoo wa waganga na watabiri ambao Wakipsigis wenyewe waliwaheshimu kwa hofu, na mwaka 1934 ikatunga sheria ya kuwaondoa "laiboni", kama ilivyowaita. Wazee, wanawake na watoto walihamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, ukoo mzima ukiadhibiwa kwa jina lake. Wakati huo chai ya makampuni ilikuwa imeshaanza kustawi katika ardhi ya Kericho. Watalai walirudi mwaka 1962.

Sheria ile haikuwa na kifungu cha kumrudia mshtaki aliyekosea. Miaka 60 baada ya kurudi kwao, mwaka 2022, Watalai na Wakipsigis waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg.